Mbegu Aliyoisafisha Onchanh

Onchanh alisimama katikati ya vishamba vyake vya majaribio akageuza jani moja baada ya jingine. Mpunga uliosimama imara mwaka jana kwenye shamba alikotoa mbegu, huku wa majirani ukiteketea kwa ugonjwa, sasa ulikuwa na madoa ya kijivu kwenye majani, na masuke yake yamevunjika shingo.

Alikuwa mtafiti wa mpunga wa milimani, mkoani Luang Namtha. Miaka mitatu alisaka mbegu isiyougua na yenye wali mtamu, wa kunata. Aliipata kwa Mama Khamla, mjane wa kabila la Kikhmu. Akaichambua punje kwa punje, akabakiza ndefu zenye harufu nzuri, akazipanda. Hizo ndizo zilizokuwa zikifa.

Akapekua daftari. Akakagua vibao vya vishamba. Je, alikosea mifuko ya mbegu? Hapana. Sasa ni nini?

Akapanda mlima hadi kwa Mama Khamla, akamkuta anapukusa punje kutoka kwenye masuke kwa mikono na kuzitia kikapuni. Mpunga wake wote mzima.

"Mama, mbegu uliyonipa ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Umeifanya nini?"

"Nimeisafisha. Nimetoa zile fupi nyekundu."

Mama Khamla alicheka hadi akashika kiuno. "Umefukuza walinzi, mwanangu, ukabaki na bibi harusi peke yake!"

"Lakini hizo fupi nani anazila?"

"Kuku, na mkwe wangu. Ngumu kama kokoto. Ila haziugui. Mama yangu alikuwa anazichanganya, nami nazichanganya."

"Kwa nini zikichanganyika, ndefu zinapona?"

"Msomi ni wewe. Mimi unaniuliza nini?"

Onchanh alishuka mlima. Alimpigia simu mkuu wake, Vilaysack.

"Niambie jina la mbegu, dada, nijaze fomu ya usajili."

"Ni mbili, kaka. Moja tamu inaugua. Nyingine haiugui, hailiki. Zikikaa pamoja, zote nzima."

"Sasa nijaze nini?"

"Sijui. Naomba nizichavushe moja kwa nyingine, nione watoto wao. Na kishamba kimoja nipande mchanganyiko kama wa Mama."

Vilaysack akaguna: "Haya. Kimoja tu."

Msimu uliofuata mchanganyiko ulisimama imara, bila ugonjwa. Baada ya miaka miwili zaidi, wajukuu wa zile mbegu mbili walitoka kila namna: warefu wagonjwa, wafupi watamu, wengine hata hawakufanana na bibi wala babu. Onchanh alichanganyikiwa kuliko mwanzo. Mistari minne tu ya uzao huo ilikuwa mizima, na mmoja ulinukia vizuri.

Akapika mchele wake, akampelekea Mama Khamla na pilipili ya kutwanga. Mama akafinyanga tonge, akatafuna taratibu.

"Mtamu huu. Una jina?"

"Bado, mama. Na sijui kama mwakani hautaugua."

"Basi panda tena," alisema Mama Khamla, akavuta kikapu karibu yake. "Kaa, ule kwanza."