Kigoda cha Miguu ya Vioo

Taarifa ya Kusitishwa kwa Muda kwa Uendeshaji wa Burudani katika Barabara ya Mandhari ya Korongo la Tamarack, ndivyo ubao ulivyoandikwa, kana kwamba mlima umejilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, na nyuma ya ubao jua ni jekundu kama kiini cha yai, majivu yanatua kwenye kioo cha gari bila haraka, kama watumishi wa serikali, nami nimekaa na kikapu cha pichi za muuza matunda Emmett kwenye kiti cha Orrin, zimeiva hadi zinanuka, ndivyo anavyozipenda, huzila ameinamia sinki kama farasi... mume wangu, mlinzi wa mnara wa moto, kiangazi chote yuko kileleni anautazama msitu kwa darubini, na mimi namsikiliza kwa kijiredio hiki cha kunasia mazungumzo ya zimamoto, kila nyumba ya korongoni inacho, wenzangu wanasikiliza moto umefika wapi, mimi nasikiliza kama ana mafua, maana daktari alisema mapafu yangu na moshi havipatani, nikakae mjini kwa dada, basi moshi unaoniteremsha mimi ndio unaompandisha yeye, ndoa gani hii inayopangiwa ratiba na radi... "Mama, wewe mkazi au mtembezi?" ni msichana mshika kibao cha SIMAMA na PITA, Shaylin limeandikwa kifuani, kofia ngumu imempwaya, "gari la kuongoza linachukua wakazi tu, watembezi wanageuza," namwambia ngoja nifikirie, anacheka, "Mbona si swali la mtihani, mama," lakini ni la mtihani, mapazia ya nyumba yetu pale juu nimeyashona kwa mkono wangu, ila leseni yangu inanijua kwa anwani ya dada, na usiku ule wa dhoruba kule mnarani, mwaka wetu wa kwanza, Orrin alinikalisha kwenye kigoda cha miguu ya vioo ili radi isinipate, kigoda kilikuwa kimoja, yeye akabaki amesimama sakafuni akinisimulia habari za samaki, mpaka leo sijui aliogopa au hakuogopa, nilitaka nipande leo nimuulize... redio inakwaruza, yule bwana wa kituo cha zimamoto mwenye sauti ya mtu asiyekula sukari, "Mnara wa Tamarack, moto umevuka kijito, shuka sasa hivi," halafu Orrin, "Sijakupata vizuri, rudia," mwongo mkubwa, amempata barabara, ndiyo sauti ileile nikimwita kuosha vyombo, na kijiredio hiki hakina pa kusemea, kina masikio tu, la sivyo ningemwambia Orrin, usingoje theluji ya kwanza ndipo ushuke kama kila mwaka, usinifanyie ushujaa, sina nafasi ya kuutundika ukutani... "Narudia, Mnara wa Tamarack, shuka," nakiongeza sauti kijiredio hadi mwisho, majivu, pichi... "Nimekupata. Napakia kigoda, nashuka." "Rudia, unapakia nini?" "Kigoda." "Kiache. Hiyo ni mali ya serikali." "Sijakupata vizuri, rudia," na mimi nacheka hadi nakohoa, nakohoa hadi machozi, kwani kushuka njia ni moja, inapita mbele ya bampa yangu hii, sina haja ya kupanda popote, miaka yote nimedhani nyumbani ni pale kwenye mapazia... "Mama, umeshafikiria?" Shaylin tena, "mkazi au mtembezi?" "Namngoja mume wangu." "Hilo halimo kwenye maelekezo niliyopewa." "Najua halimo." Anatazama juu barabarani, moshi umelala kwenye kona ya kwanza, hakuna kinachokuja, anahamisha kibao mkono wa pili, "Basi zima injini, mama, moshi uliopo unatosha." Naizima, nakitoa kikapu kwenye kiti cha Orrin, nakipakata. Kilichotokea ni kwamba kibao hakikugeuzwa, na mimi sikugeuza gari.