Mkanda wa Cheposait

Lori lililobeba mtambo wa kuchimbia lilisikika kabla halijaonekana, likikohoa kwenye kona za mlima Korelach kama ngamia mwenye kifua. Cheposait alikuwa ameinama kwenye bomba lake. Hakuinua kichwa.

"Wamekuja," alisema Kakuko, jirani yake.

"Waje. Nimewangoja tangu walipopigilia vigingi vyao hapa bila kumsalimu mtu."

Vigingi hivyo, vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, viliyazunguka matundu yote ya mvuke kama watu wanaozunguka ng'ombe wa kuchinja. Na kwenye Korelach matundu hayo ndiyo mto, ndiyo kisima, ndiyo mvua. Mvuke unapanda kwenye nyufa za mlima, unaingia kwenye bomba lililolazwa kwa mwinamo na kufunikwa mawe na nyasi, unapoa, unadondoka tone kwa tone ndani ya dumu. Kabla ya mabomba, bibi zao walitandika ngozi za ng'ombe juu ya nyufa na kukinga jasho la mlima kwa vibuyu. Kila nyumba ina tundu lake, na tundu hurithiwa na mke wa nyumba hiyo. Mwanamume wa Kipokot anaweza kuwa na ng'ombe wa kujaza bonde zima, lakini kiu yake iko mkononi mwa mkewe.

Cheposait alikuwa mtu wa kusahau machache na kusamehe machache zaidi. Mama yake alimsimulia jinsi Mzungu alivyofunga malisho ya bondeni kwa faida ya wafugaji wenyewe, ndivyo alivyosema, kisha malisho yakawa shamba la Mzungu. Serikali ya watu weusi ilipokuja ikafunga malisho mengine, nayo ikasema ni kwa faida yao. Maneno yalikuwa yale yale. Mdomo tu ndio uliobadilika. Halafu kampuni ya umeme ikachimba mvuke wa kilima cha Nasorot, hapo ng'ambo. Matundu ya Nasorot yakapoa kama chungu kilichoepuliwa. Watu waliahidiwa maji ya bomba, na bomba lipo, limepakwa rangi ya buluu, lina kibao kizuri, na ndani yake wanalala mijusi. Nyaya za umeme zinapita juu ya maboma yao kama korongo wanaohama: zinaonekana, hazitui. Leo wanawake wa Nasorot wanaleta punda wao Korelach kuomba maji kwa jamaa.

Watu wa Korelach hawakuukataa umeme. Cheposait mwenyewe alisimama barazani akasema: chimbeni upande wa magharibi, kwenye mawe meusi, ambako hata mbuzi hakutaki. Kampuni ilikiri kwamba mvuke huko upo. Ila barabara ingekuwa ndefu. Basi ili barabara yao iwe fupi, njia ya mwanamke kwenda majini iwe ndefu! Cheposait aliposema hivyo, aliambiwa, "Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," watu wakapewa soda, baraza likafungwa.

Sasa lori lilikuwa limefika kwenye mwinuko wa mwisho, na Cheposait na wanawake wenzake walikuwa wamesimama barabarani. Mbele ya lori walitembea walinzi wa kampuni, vijana wa hapo hapo waliovishwa majaketi ya rangi ya machungwa. Hesabu ya kampuni ilikuwa ya kijanja: mgeni akimsukuma mama wa watu, huo ni unyanyasaji, mtoto akimsukuma mama yake, huo ni ugomvi wa nyumbani, hauingii gazetini.

Aliyetangulia alikuwa Lomuke, kifungua mimba wa Cheposait.

"Mama, pisheni njia," alisema kwa sauti ya chini. "Msiniaibishe mbele ya watu."

"Msikieni huyu!" Kakuko alipiga makofi. "Jaketi limemkalia kama tandiko la punda, halafu anaogopa aibu!"

Wanawake waliangua kicheko. Hata walinzi wawili walificha midomo.

"Mama Kakuko, sitaki utani leo."

"Nani anakutania? Nilikuogesha wewe. Najua usichotaka tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni: hutaki maji. Sasa naona hutaki na sisi tuyapate."

Msimamizi wa kazi, Onesmus, alishuka kutoka upande wa abiria wa lori, akajipangusa vumbi. Alikuwa mtu wa mjini, mpole wa maneno, mwenye haraka.

"Akina mama, shikamooni. Chifu ameshaafiki. Huu ni mradi wa taifa zima."

"Sisi ni wa taifa lipi?" Cheposait aliuliza.

Onesmus alitabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Akamgeukia Lomuke. "Waondoe. Taratibu, usimuumize mtu. Lakini waondoe."

Lomuke alipiga hatua. Cheposait aliona mikono ya mwanawe ikifumba na kufumbua. Hapo akaelewa kwamba atafanya kweli. Atamshika Kakuko, atamshika yeye, kisha maisha yake yote atakuwa mtu aliyefanya hivyo. Aliingiza mkono chini ya shuka, akafungua fundo.

Kakuko alipoona kinachotoka, utani ulimkauka. "Usifanye, Cheposait. Huyo ni kifungua mimba wako."

"Najua ni nani. Siku aliyozaliwa nilikuwepo."

Ulikuwa mkanda wake wa uzazi, leketyo, ngozi laini iliyoshonewa kauri, iliyoushika mgongo wake katika kila mimba. Mama huulaza njiani pale wanawe wanapotaka kwenda kuteka ng'ombe na yeye hataki wafe. Mtoto akiuvuka, ameivuka mimba iliyomzaa. Baada ya hapo hakuna baraka itakayomshika wala mzee atakayemtemea mate ya heri. Kwa hiyo haulazwi kwa hasira ya siku moja. Cheposait hakuwahi kuulaza, hata mwaka ule wa vita vya mpakani. Akiuvuka, nimempoteza, aliwaza. Aliunyoosha katikati ya barabara, kauri zikitazama juu, akarudi nyuma.

Lomuke alisimama kama aliyefika ukingoni mwa genge. Walinzi wenzake nao walisimama.

"Nini tena?" alisema Onesmus.

"Mkanda," alisema Lomuke.

"Naona ni mkanda. Uvuke."

"Hauvukwi."

"Lomuke, unaitaka kazi au huitaki?"

Kijana aliangalia viatu vyake vya kampuni, akamwangalia mama yake kwa jicho la uchungu ambalo hakuwahi kulionyesha, kisha akapiga hatua moja kurudi nyuma.

Onesmus alicheka. Aliinama, akauokota mkanda kwa vidole viwili, akautundika kwenye kioo cha pembeni cha lori. "Basi. Njia imefunguka. Nitampelekea mke wangu, anapenda vitu vya asili. Haya, twendeni."

Hakuna aliyekwenda. Walinzi walilikimbia lori kama linawaka. Dereva, Mkamba wa makamo aitwaye Mwangangi, alizima injini, akashuka na kikombe chake cha chai.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nasimama hapa kivulini, bosi. Kwetu Kitui pia kuna vitu haviokotwi. Na wewe umekitundika kwenye gari ninalolala ndani."

"Kiondoe basi!"

"Mimi? Mkono uliotundika ni wa nani?"

Onesmus alinyanyua mkono kuelekea kwenye kioo. "Usiguse!" Lomuke alipaza sauti. "Mara ya kwanza hukujua. Sasa unajua. Anayeuchukua ni mwenyewe tu."

Chini ya miguu yao mlima ulipumua. Onesmus alitazama simu yake, ambayo juu ya Korelach haikuwa na kazi ila kuonyesha saa.

"Mama, tafadhali, chukua mkanda wako."

"Mimi niliuweka chini," alisema Cheposait. "Huko juu sijauweka mimi."

Hapo Kakuko alianza kuhangaika na nguo zake, akanung'unika kwamba fundo limeshikana na unene wa uzee, akatoa wake, akaulaza pale pale ulipokuwa wa mwenzake. "Okota na huu, bwana mdogo. Mkeo atapata na wa kubadilisha." Mwingine akafuata. Na mwingine. Mikanda mikuukuu, mikanda mipya, mmoja bado una mafuta ya uzazi wa mwezi huo, ikapangana hadi barabara ikawa haina mahali pa tairi.

"Mnataka nini?" Onesmus aliuliza, na safari hii aliuliza kweli.

"Ng'oa vigingi vyako. Nikiona vyote viko chini, nitauchukua mkanda wangu, na gari lako litateremka."

"Nitawatuma vijana."

"Vijana gani?"

Walinzi walikuwa wakitazama mawingu. Onesmus akazunguka pembeni, nje kabisa ya barabara, akapanda kwa viatu vyake vya mjini, akaanza kung'oa. Mvuke ulimvamia miwani. Kigingi kimoja kilimgomea, akakiyumbayumbisha huku akitweta, na hakuna mtu aliyemsaidia, wala aliyemcheka.

Alipomaliza, Cheposait aliuendea mkanda, akautoa kwenye kioo, akaupulizia vumbi. Mahali pa kugeuzia lori hapakuwepo. Mwangangi alilirudisha kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, akiwaomba walinzi wamwelekeze.

"Nitarudi na polisi," Onesmus alisema akipanda.

"Rudi. Barabara unaijua. Na sisi tunajua inapita wapi."

Lomuke hakupanda. Alivua jaketi, akakosa pa kuliweka, akaliacha juu ya jiwe.

"Umenilazia mkanda kama adui," alimwambia mama yake.

"Nimekulazia kama mwanangu. Adui angeuvuka."

"Sina kazi sasa."

"Kazi ya kunitoa majini? Nenda, Lomuke. Nikasirikie. Utanikasirikia ukiwa na baraka zako."

Alikwenda bila kuaga. Kakuko alikaa kitako barabarani, akanyoosha miguu. "Na hao polisi? Hawatakuwa Wapokot. Watatuletea watu wa mbali, mkanda hawaujui."

"Wana mama zao. Tutawauliza majina ya mama hao, mmoja mmoja, kwa sauti. Akinisukuma, anisukume jina la mama yake likiwa masikioni mwake."

"Na wakisukuma hivyo hivyo?"

"Basi watatubeba. Mimi ni mzito, na wewe ndiyo usiseme."

Kakuko alicheka hadi akashika mbavu. Cheposait hakucheka. Alikuwa akiutazama mgongo wa mwanawe ukiteremka bondeni, na huku akiutazama alijifunga mkanda upya kiunoni, kwa nguvu, juu ya shuka, mahali ambapo kila ajaye atauona.