Matandiko ya Minyoo

Pigo la kwanza lilimpata Nyamoita begani. La pili lilimpata mkononi, alipouinua mkono kujikinga uso. Mwalimu Ochoki alilisikia hilo la pili kutoka kwenye ua wa michongoma, hatua kumi na tano hivi, akajua mfupa umevunjika. Angeweza kupaza sauti. Sauti anayo, ile ya kunyamazisha watoto sabini na wanne bila kiboko. Lakini alibaki amesimama na suti yake ya mazishi, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani.

Walikuwa wametoka kumzika Marion, binti wa Omwenga, mtoto wa miaka kumi na moja aliyeugua homa siku nne tu akafia njiani akipelekwa hospitali. Watu walikuwa bado wanakula chakula cha mazishi wakati Gladys, jirani, alipoingia nyuma ya jiko la Nyamoita kumfukuza kuku wake. Kuku alikuwa amefukua pipa la bluu lililolazwa pale, na mdomoni alining'iniza kipande cha karatasi. Gladys akakiokota. Kilikuwa kimeandikwa kwa penseli, mwandiko wa duara: Marion Omwenga. Akafunua gunia lililofunika pipa. Ndani minyoo wekundu walikuwa wanajinyonganyonga, mamia kwa mamia, na kati yao majina ya watoto wa kijiji kizima, kila moja kwenye utepe wake, mengine yameshaliwa nusu. Gladys akapiga nduru iliyosikika mpaka njia ya Ekerenyo.

Mimi simlaumu Gladys kwa nduru ile. Lawama yangu iko kwa aliyejua akanyamaza.

Maana Ochoki alijua. Majina yale alimletea Nyamoita yeye mwenyewe, gunia zima, shule zilipofungwa. Nyamoita ni mjane wa baba yake mdogo, na miaka miwili sasa anafuga minyoo hiyo tangu semina ya wakulima kule Kisii. Kazi yao ni kula maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni na kumwachia mbolea nyeusi ambayo mboga zake za managu huishangilia. Chakula cha minyoo ni rahisi. Kazi ni kuwatandikia. Mara ya kwanza aliwatandikia maranda ya mkaratusi kutoka kwa seremala. Minyoo wakapanda kuta za pipa wakitoroka, na asubuhi wengi walikuwa wamekufa chini. Akajaribu nyasi mbichi. Zikachemka zenyewe kwa joto, zikawapika. Majani makavu ya mgomba yalikuwa mazuri ila yalikauka upesi mno. Mwishowe akagundua kuwa hakuna kinachoshinda karatasi iliyochanwa, ikalowekwa, ikakamuliwa mpaka idondoshe matone mawili matatu tu, halafu ikachanganywa na samadi iliyokwisha poa. Akawa anaomba karatasi kila mahali, na watu wakimcheka.

Ochoki alikuwa na karatasi za kutupa. Mitihani ya hisabati ya darasa la tano, yote, kila mtoto na jina lake juu. Hakuwa ameisahihisha hata mmoja. Muhula mzima alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha Kebirigo, na siku ya kutoa matokeo ilipofika alikaa na orodha ya majina akagawa alama kwa kukisia. Kama karatasi zile zingeonekana, kazi ingekwisha na nyumba zingebaki misingi. Nyamoita alipomwomba karatasi aliona Mungu amemfungulia mlango. Naye Nyamoita alizichana kama anavyochana siku zote, kwa upana, vipande vya vidole vitatu, kwa hiyo kila jina lilibaki zima kwenye kipande chake. Na watoto wa darasa la tano hufanya hesabu kwa penseli, na penseli haifutwi na maji.

"Kula!" Ondieki alikuwa amemshika Nyamoita shingo. Kijana huyo ndiye aliyebeba kichwa cha jeneza asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio. Alichota minyoo kwa kiganja na kumsukumia mdomoni. "Si wewe unawafuga? Wamekula mtoto, sasa wewe uwale!"

Nyamoita alitema, akakohoa, akatema tena. Omwenga alimpiga tena kwa mpini wa koleo, koleo lile lile lililofukia kaburi. Mtu mmoja alilipindua pipa kwa teke na matandiko yakamwagika uani. Wanawake wakayavamia, kila mmoja akitafuta jina la mtoto wake, na kila jina lililopatikana lilimletea Nyamoita jiwe.

"Omorogi!" wakapiga kelele. Mchawi.

Hapo ndipo Nyamoita alipomwona Ochoki. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, akamwangalia kwa lile lililobaki.

"Mwalimu," akasema. "Waambie."

Watu wote wakageuka. Ochoki aliona nyuso za wazazi wa darasa lake, karibu wote. Aliona vyumba vyake vya Kebirigo. Alikuwa na hofu, hofu ya aibu, na hofu hiyo ikamjibia.

"Niwaambie nini, mama? Mimi sijui mambo yako."

Nyamoita aliinamisha kichwa, na Ondieki akamwangusha kifudifudi kwa teke la mgongo. Mtu akaleta mtungi wa mafuta ya taa kutoka jikoni kwa Nyamoita mwenyewe, mwingine akavuta nyasi kavu za kwenye zizi. Mafuta yakamwagwa kichwani, yakashuka kwenye kitambaa chake cha kanisani, shingoni, kwenye mkono uliovunjika. Alipiga yowe kwa maumivu mafuta yalipoingia jichoni. Omwenga akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Kiberiti."

Kikapigwa kijiti, kikazimwa na upepo. Ochoki alijikuta anakimbia kabla ya kijiti cha pili. Alimgonga Omwenga kwa bega, wakaanguka wote wawili juu ya matandiko yaliyolowa, kiberiti kikarukia kwenye tope.

"Ni zangu!" akapiga kelele. "Karatasi ni zangu mimi! Ni mtihani wa hisabati, nilimpa mimi, alitaka za kutandikia minyoo! Ni mbolea tu, ya mboga!"

Ikaja sauti ya Gladys, polepole, kipande mkononi:

"Mtihani gani hauna alama nyekundu? Hii ni ya mtoto wangu. Hakuna tiki hata moja, hakuna kosa."

Wengine wakatazama vipande vyao. Wakavigeuza nyuma na mbele.

"Sikusahihisha," Ochoki akasema. Alikuwa bado amekaa chini. "Sikusahihisha hata moja. Alama niliandika tu."

Omwenga aliinuka taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea sentensi nzima tangu kaburini.

"Marion ulimpa thelathini na moja kwa mia. Ulitoa wapi?"

"Nilikisia, Baba Marion."

"Ulikisia." Omwenga alimeza mate. "Mimi nilimpiga. Kwa hiyo thelathini na moja yako nilimpiga na mkanda mpaka akajikojolea. Akaniambia, tata, baba yangu, hizo hesabu nilikuwa nazijua. Nikamwongeza mapigo mengine, nikamwambia ni ya kudanganya."

Mama mmoja akaanza kulia. Omwenga alimpiga Ochoki ngumi ya mdomo, akamfuata pale pale chini akampiga ya pili na ya tatu, na meno mawili yakatoka. Ondieki naye akaingia na mateke. Hakuna aliyewazuia, na Ochoki mwenyewe hakuinua mkono. Aliyesema neno ni Nyamoita, pale alipokuwa, akitetemeka, akinuka mafuta ya taa.

"Msiue mtu hapa kwangu."

Wakaacha. Gladys alivua leso yake, akapiga magoti, akaanza kumpangusa Nyamoita uso. Mtu akatumwa kuita pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Omwenga alikuwa amepiga magoti kwenye matandiko, anapekua kwa mikono miwili. Alikuwa anatafuta mwandiko wa Marion. Minyoo walimpanda kwenye vifundo vya mikono na hakuwakung'uta. Alipata kipande, akakitandaza pajani, akaanza tena, akafika mahali akachanganyikiwa kabisa, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto.

"Za juu," Nyamoita akamwambia, taya imevimba. "Niliziweka Jumatatu, zimemwagikia upande wa ukuta. Hazijaliwa sana. Za chini usijisumbue."

Omwenga alimtazama mama huyu ambaye yeye ndiye alimvunja mkono, na hakuweza kumtazama kwa muda mrefu. Akaenda upande wa ukuta. Akapata vipande vyenye tarakimu ya saba ya binti yake, aliyokuwa akiiandika na mkia uliokatwa kwa kistari. Akavipanga vipande kimoja kimoja juu ya kigoda, akimfuta mnyoo hapa na samadi pale, mpaka ukurasa ukarudi karibu wote. Penye mapengo akaacha wazi. Kisha akamvuta Ochoki kwa kola mpaka mbele ya kigoda.

"Sahihisha."

"Baba Marion, nakuomba..."

"Sahihisha!"

Ochoki alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti. Damu ilikuwa inadondoka kutoka mdomoni, akawa anaikinga kwa mkono wa kushoto isiangukie karatasi. Alianza juu. Kujumlisha sehemu: sahihi. Kugawanya kwa tarakimu mbili: sahihi, na mabaki ameyaandika. Eneo la shamba la chai lenye pembe sita: mtoto alikuwa amelikata vipande viwili, akapata eneo la kila kimoja, akajumlisha. Njia hiyo Ochoki hakuwahi kuwafundisha. Akaweka tiki. Watu walikuwa wamesogea, wanahesabu tiki pamoja naye kimyakimya. Maswali yalikuwa thelathini. Yaliyoonekana, baada ya minyoo, ni ishirini na manne.

"Ngapi?" Omwenga akauliza.

"Ishirini na matatu."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya ishirini na manne."

Omwenga akamshika kola tena, akamkokota kupitia pengo la ua, katikati ya viti vya kukodi na masufuria, mpaka kwenye udongo mbichi wa kaburi nyuma ya nyumba yake. Akamsukuma akaanguka kwa magoti.

"Mwambie," akasema. "Kwa sauti, asikie."

Ochoki alizitaja alama. Kilio kikamkata katikati, ikabidi azirudie. Halafu Omwenga naye akapiga magoti kando yake, kwa sababu na yeye alikuwa na la kumwambia mtoto.