Jumapili ya Wageni

Vijana wanne walimshusha Nzembi kutoka ghorofa ya sita kama watu wanaohamisha kochi. Walimfunga kwa leso kwenye kiti cha plastiki, na kila walipofika kwenye kona ya ngazi mmoja alifoka, "Inua! Inua upande wako!" Muthoki, binti yake, aliwafuata na mkoba wa mama, akiwaomba waende polepole kila kiti kilipogonga ukuta. Jengo hilo la mtaa wa Pipeline halikuwa na lifti. Tangu kiharusi kimpooze upande mmoja, Nzembi hakuwa amekanyaga ardhi.

Alichotaka kilikuwa kidogo: kushiriki meza ya Bwana kabla hajafa. Kwao Mwingi alikuwa amefagia kanisa miaka nenda miaka rudi, akawapikia wageni chai, akawafulia wachungaji mashuka. Hapa Nairobi hakuna aliyemjua. Muthoki, ambaye aliuza vitunguu soko la Muthurwa, alikwenda mara kadhaa Kanisa la Malango Wazi kumwomba Mchungaji Nahashon apande na kipande cha mkate na kikombe.

"Mama yako si mshirika wetu," mchungaji alimwambia. "Aje kwanza ajiandikishe. Kuna utaratibu, dada."

"Pasta, hatembei."

"Basi tutamwombea."

Nzembi alibatizwa kabla mchungaji huyo hajazaliwa, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Kisha askofu akatangaza kwamba atakuja kuona jinsi kanisa linavyokaribisha wageni, na utaratibu ukalegea ghafla. Jacky, mkuu wa idara ya ukaribisho, alipiga simu mwenyewe. Alihitaji mgeni wa kugusa mioyo ya watu.

"Tutatuma maboyz wambebe mathe, usijali. Mvalishe leso safi, ndio atokee poa kwa video."

"Atapewa meza ya Bwana?"

"Aki Muthoki, si ni ibada? Kila kitu kitakuwa."

Basi Nzembi akaketishwa mbele kabisa, pembeni mwa madhabahu, akavishwa shada la karatasi za kumetameta. Kwaya iliimba, watu wakapiga makofi. Askofu alimwekea mkono begani, akageuka kidogo kuitazama kamera, akahubiri juu ya Ibrahimu aliyewachinjia wageni ndama. Nzembi alilia kwa furaha, akijifuta mdomo kwa mkono wake mzima. Muthoki naye, kwa muda, aliamini.

Mkate ulipofika, mzee wa kanisa aliinama na sinia. Nzembi alikuwa tayari amekinga kiganja. Jacky alimgusa mzee kiwiko, akamnong'oneza, "Huyo ni mgeni tu, bado hajapokelewa." Sinia likapita. Kiganja kikabaki wazi.

Muthoki alisimama. "Mzee, mama yangu hajapata!"

"Keti, dada," Jacky alisema huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Tuko live."

Muthoki alipiga hatua mbele. Alitaka kulipokonya lile sinia. Mama yake ndiye aliyemvuta sketi. "Usiniaibishe kanisani, mwanangu," alisema, akakunja vidole vyake kimoja kimoja.

Baada ya ibada harufu ya pilau ilitanda uani. Vijana walimrudisha Nzembi mbio mbio, lakini walipomfikisha chini ya ngazi simu ya mmoja wao ikalia. Walihitajika kuhudumia hema la askofu.

"Tunarudi saa hii, mathe. Usitoke hapo."

Atoke aende wapi? Hawakurudi. Muthoki alimpigia Jacky simu, haikushikwa. Wapangaji walipita wakisema pole, wakajibana ukutani wasiguse kiti, wakapanda. Maji ya nguo zilizoanikwa juu yalidondoka. Nzembi alijizuia, akajizuia, mwishowe mkojo ukamshinda. Aliinamisha kichwa asionwe uso.

Hatimaye Jacky akatokea getini, na Muthoki akashusha pumzi. "Afadhali umekuja. Vijana wako wapi?"

"Wako busy na askofu. Kwani majirani hawawezi kukusaidia? Mimi nimekujia kiti."

"Kiti?"

"Ni cha kanisa. Askofu amekuja na watu wengi, viti havijatosha. Mathe anaweza kukaa kwa ngazi kidogo, ama?"

"Mmemshusha, mkamwonyesha watu, mkamnyima mkate," Muthoki alisema, sauti ikimpasuka. "Sasa mnataka na kiti? Hamna haya?"

"Usiongee hivyo, dada. Sisi tumewakaribisha vizuri."

Nzembi alikuwa ameshaanza kuifungua leso kwa mkono mmoja. "Wape chao, Muthoki."

Muthoki alimshika makwapani, akamteremsha kwenye ngazi ya kwanza, akamwegemeza ukutani. Jacky aliona kiti kimelowa. Alitoa tishu mkobani, akafuta, akafuta tena, akatafuta pa kuitupa. Alipokosa, aliiacha pale kwenye ngazi, kando ya Nzembi, akakipachika kiti begani.

Nzembi alilelewa kumshukuru kila aliyemfungulia mlango. "Asante kwa kunikaribisha," alisema kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Karibu tena, mathe," Jacky alijibu bila kugeuka, akaharakisha kabla pilau haijaisha.