Nguo ya Mashine

Katika ukumbi wa michezo wa papa Birindwa, kule Ndosho, hakuna aliyewahi kumshinda Akonkwa kandanda la kompyuta, na hilo Akonkwa atakuambia hata usipomwuliza. Alikuwa karani wa depo ya simenti, mtu mzima mwenye tai, lakini kila Jumapili baada ya misa alikalia kile kiti kimoja chenye mikono, akaitwa Prezo, na cheo hicho alikipenda kuliko kazi yake. Asilolisema ni kwamba mechi nne alizocheza na Dorine, muuza samaki wa Kituku, hazikuisha hata moja. Kila Dorine alipotangulia kwa mabao, kioo kilianza kutoa mistari, picha ikaganda, kisha giza. Na sheria ya papa Birindwa ilikuwa moja tu: mashine ikizima, mechi imekufa, mtaanza upya Jumapili ijayo.

Fundi Djibril aliitwa mara tatu. Alibadilisha waya, akaleta kioo kingine, akaweka upya programu ya kadi ya picha, ile kadi iliyo ndani ya mashine inayochora wachezaji na uwanja. Akapunguza ubora wa picha, akapuliza vumbi jeusi la barabara zetu mpaka akakohoa. Kila alipoijaribu, mashine ilifanya kazi asubuhi nzima bila kikwazo. Akaanza kusema labda ni umeme. Wengine wakasema Dorine ana mkosi, na hilo la mkosi nadhani Akonkwa ndiye aliyelianzisha.

Kumbe shida ilikuwa nguo. Mama Nabintu, mke wa papa Birindwa, hakuweza kuvumilia kitu cha thamani kikae uchi mbele za watu, hata kama kinakaa chini ya meza. Redio yake ilikuwa na kitambaa, televisheni kitambaa, makochi vitambaa. Basi mashine nayo aliifumia joho zima la uzi wa sufu, jeupe, lenye maua mekundu, na bitana ndani ili vumbi lisipite. Djibril alipokuja aliivua, akaikunja kwa heshima, akafanya kazi yake, akaenda zake. Wachezaji walipokaribia kufika, mama aliivika tena mashine ipendeze.

Akonkwa peke yake ndiye aliyegundua, kabla hata hajacheza na Dorine, siku goti lake lilipoigusa mashine akaruka kwa joto. Kadi ilikuwa inachemka kwa kukosa hewa, na ikizidi kuchemka inajizima. Mtu mwema angesema. Akonkwa alivua kiatu.

Tangu siku hiyo alicheza kwa mikono miwili na kidole gumba cha mguu. Akiongoza, kidole kilifunua pindo la nguo, mashine ikapumua. Akizidiwa, kidole kilishusha pindo, na baada ya dakika chache giza likamwokoa. Kisha alimsifu mama Nabintu kwa ile nguo mpaka mama akaona haya.

Jumapili ya tano ukumbi ulijaa pomoni. Na siku hiyo, amini usiamini, Akonkwa alicheza vizuri. Alifunga la kwanza, akafunga la pili. Dorine akarudisha moja. Akonkwa akafunga la tatu, bao tamu mpaka Djibril akasimama. Zilibaki dakika kumi za mchezo, naye alikuwa na furaha ambayo kile kiti hakijawahi kumpa. Akanyoosha kidole afunue pindo.

Pindo halikufunuka. Akavuta tena, wapi. Mama Nabintu, aliyekuwa mlangoni akitazama, aliona anahangaika na nguo, akamweleza kwa fahari kwamba upepo ulikuwa unaifunua kila Jumapili, kwa hiyo ametia lastiki chini yote.

Mstari wa kwanza ukapita kwenye kioo, kisha wa pili. Akinyamaza, ushindi wake wa kweli unakufa na sheria ni ile ile. Akisema, amejisema mwenyewe. Alivumilia mpaka mstari wa tatu.

"Mama, tafazali, muivue mashini ile nguo. Kadi inakosa hewa."

Mama akaivua, ameduwaa. Joto likatoka puu, na baada ya muda mistari ikatoweka. Djibril akaitazama nguo, akaitazama mashine, akajishika kichwa. Dorine alisimamisha mchezo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Akonkwa.

"Akonkwa," alisema, "ulikuwa unajua tangu siku gani?"

Watu waliinama kutazama chini ya meza, wakauona mguu wake mtupu umekanyaga sakafu.

Dorine alitaka wamalize, wakamaliza. Akonkwa alishinda tatu kwa moja, kwa haki kabisa, na mpaka leo hakuna mtu Ndosho anayeamini.