Uzio wa Kwenye Kona

Siku ya Mtakatifu Luka mtu haalikwi. Anayejua, anajua, anakuja, anabisha hodi, anapewa kijiko cha ngano tamu na gilasi ya divai, kisha anakula mpaka analegeza mkanda. Na akishavuka kizingiti hakuna wa kumwambia aondoke, hata angekuwa mchawi. Ndivyo slava ilivyo, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, na Stanija hakuwahi kuona ubaya wowote katika desturi hiyo mpaka mchana ule alipofungua mlango akamkuta Ratomir amesimama na chupa ya divai mkono huu, pakiti ya kahawa mkono huu.

"Heri ya Luka, mama," akasema Ratomir, meno yote nje. "Nimesikia leo mnasherehekea. Nikasema, jirani ni jirani."

Jirani! Damu ilimpanda Stanija kichwani. Huyu ndiye mjenzi aliyenunua bustani ya matunda kule chini, akang'oa miti yote, akachimba shimo la kujengea fleti sitini. Malori yake yalikuwa yamepasua bomba la maji mara mbili kiangazi kile, na vumbi lake lilikuwa limeingia mpaka kwenye mitungi ya kachumbari. Kichochoro chenyewe kina upana wa gari moja. Yakikutana mawili, moja linarudi kinyumenyume huku dereva akitukaniwa mama yake. Majirani walikuwa hawalali kwa maswali. Fleti sitini, magari yatakuwa mangapi? Watoto watapita wapi kwenda shule? Mgonjwa akizidiwa, gari la hospitali litampitia nani kichwani?

Wakubwa wa mji walikuwa wamemwekea Ratomir sharti moja tu: gari la zimamoto lisipoweza kukata kona, hakuna kibali. Na kona yenyewe ilikuwa pale penye uzio wa Stanija. Akiuza kipande chembamba cha ua wake, kichochoro kinakuwa barabara. Asipouza, fleti zinabaki shimo. Majirani walikula kiapo kwamba hakuna atakayemuuzia yule bwana hata udongo wa kwenye chungu cha maua, na aliyewaapisha ni Stanija mwenyewe.

"Karibu," akasema, akasogea kando.

Ratomir akavua viatu, akaingia. Gari lake jeusi aliliacha mbele ya lango, limejaza kichochoro ukuta kwa ukuta.

Sebuleni mshumaa ulikuwa unawaka, na Vidoje, mume wa Stanija, alisimama kando ya meza na kitambaa begani. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Anasimama tangu asubuhi mpaka mgeni wa mwisho aage, anamimina, anapakua, anauliza nani hajashiba. Ndiyo heshima yake kwa mtakatifu. Goti la Vidoje lilikuwa bovu miaka mingi, lakini alisimama.

"Karibu, bwana," akasema, wala hakuonyesha kushangaa. Stanija alikuwa na hasira mno hata asilione hilo.

Ratomir akafanya ishara ya msalaba, akala ngano yake kama mtoto mwenye adabu. Akasifu nyama ya kuchoma. Akasifu kabichi iliyoviringishwa nyama, akaomba tena. Akaongea habari za mvua, za mpira, za bei ya kuni. Habari ya uzio hakuitaja hata kidogo, na hilo ndilo lililomwasha Stanija kuliko yote. Alikaa, akainuka, akapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa, akaenda dirishani.

Miaka mingine saa kama ile nyumba ingekuwa imejaa mpaka watu wanakalia kitanda. Leo viti vilikuwa vitupu. Kupitia dirishani akamwona Desanka, jirani wa ng'ambo, amevaa koti lake la kanisani na boksi la chokoleti kwapani. Desanka alifika kwenye lile gari jeusi, akasimama, akalitazama, akainua macho dirishani. Kisha akageuka. Nyuma yake wengine wawili nao wakageuka.

Hapo Stanija akaelewa. Huyu mtu hakuja kumshawishi. Alikuja kuonekana.

Akatoka mbio na aproni yake.

"Desanka! Mbona unarudi?"

"Aa, nimeona una wageni wakubwa, dada. Sisi wa mavumbi tutakuja mwakani."

"Kaja mwenyewe! Ulitaka nimfukuze siku ya Luka? Wewe ungemfukuza?"

"Mimi sijasema kitu. Niseme nini mie?" Desanka akaibana chokoleti yake. "Ila ungetuambia tu. Tumekaa tunapiga kelele kama majuha, kumbe mwenzetu anakaanga nyama."

"Nakuapia kwa mshumaa unaowaka ndani..."

"Usiape, bibi wee, siku yenyewe kubwa. Mtoe kwanza, ndiyo tutakuja kula."

Akaingia kwake, akafunga mlango. Stanija akabaki kichochoroni. Kwa kitambo akawaza: kwani ni mimi peke yangu nitakayemeza vumbi? Si niuze tu, wajue sasa kuuzwa kukoje! Kisha akajionea haya, akarudi ndani.

Alipofungua mlango wa sebule, akamkuta Vidoje ameketi.

Ameketi mezani bega kwa bega na Ratomir, kitambaa amekiweka kando, gilasi mbele yake. Mwaka ule wa homa ya mapafu alisimama ameshikilia kabati, na hakukaa.

"Umeketi," akasema.

"Goti," Vidoje akajibu, macho mezani.

"Tulikuwa tunapiga stori tu, mama," Ratomir akaingilia, sauti laini. "Mzee ananipa habari za kijana wenu Ognjen, kule Austria. Mjukuu anakua, babu hamjui. Na huku kuni, theluji, ngazi. Sasa kwa bei ya kile kipande cha ua..."

"Nani alimwambia leo ni Luka?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo za Stanija zilianza kumwasha.

"Mimi," Vidoje akasema. "Tulikutana baa. Sikumwalika. Nilimwambia tu."

Kumwambia mtu siku yako ni kumpa ufunguo wa mlango. Kila mtu anajua hilo, na Vidoje alijua.

"Nisikilize, mke wangu. Watajenga tu. Asipojenga huyu atajenga mwingine. Na hao majirani zako, kona ingekuwa yao wangekuwa wameshauza tangu Pasaka. Nimechoka kuwa mlinzi wa njia ya watu. Nataka nimwone mjukuu kabla hajaota ndevu." Akainua uso. "Mimi ndiye mwenye nyumba hapa. Tunauza."

Hakuwa mwongo. Stanija mwenyewe alikuwa akilia kwa ajili ya mjukuu yule, usiku, akidhani mumewe amelala. Lakini akaliona shimo kule chini, akaona malori yakimpitia dirishani mpaka siku ya kufa, na ulimi ukamtangulia.

"Mwenye nyumba yuko makaburini," akasema. "Hii ni nyumba ya baba yangu. Luka ni wa baba yangu. Wewe uliolewa hapa."

Na ni kweli. Baba yake Stanija hakuwa na mwana wa kiume, na Vidoje alikuja na sanduku moja, akamwacha mtakatifu wa kwao, akampokea wa kwa mkewe. Mwanamume wa namna hiyo watu humpa jina, na Stanija alishawahi kumwagia mtu supu kwa kulitamka. Katika ugomvi wao wote, hata ule wa kurushiana sahani, neno hilo halikupata kumtoka. Sasa lilikuwa limetoka, tena mbele ya mgeni.

Ratomir alikuwa mfanyabiashara, alijua soko likifungwa. Akashukuru kwa ngano, akatafuta viatu vyake, akaondoka akirudisha gari kinyumenyume kichochoro kizima.

Halijapotea vizuri Desanka akawa mlangoni. "Nilijua! Nilimwambia mume wangu, Stanija? Hawezi!" Nyuma yake wakamiminika wote. Wakala, wakaimba, wakanywa kwa afya ya uzio, wakampiga Stanija mabega mpaka yakamuuma.

Vidoje alikuwa amesimama tena, kitambaa begani, anamimina, anapakua. Stanija akamfuata, akashika mtungi wa divai. "Kaa, nitamimina mimi. Goti lako."

"Haifai," akasema kwa upole, bila kuuachia.

Mume wa Desanka aliingia wa mwisho, akainua gilasi yake kwa sauti kubwa. "Heri ya Luka wako, mwenye nyumba! Uishi miaka mia!"

Vidoje akamjazia mpaka ukingoni, akamwonyesha Stanija kwa kidevu. "Mpe heri yule pale, ndugu yangu. Mimi namimina tu."

Wakaangua kicheko, wakidhani mzee ameshaonja. Stanija akacheka nao, akaenda jikoni kufuata mkate, akalia huko.