Mkato Usioishia Katikati

Asubuhi ya Ganpati, sikukuu ya mungu mwenye kichwa cha tembo, mji mzima wa Pune ulikuwa unapiga ngoma, isipokuwa Mrudula. Yeye alikuwa ofisini anakata vali.

Vali yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Ili mashine ikokotoe maji yanavyopita humo, lazima nafasi yote ya ndani ipasuliwe matofali, kisha kila tofali ligawanywe vijumba vidogo mpaka upatikane wavu. Mteja Mjerumani, ambaye Ganpati kwake ni sawa na Jumanne nyingine yoyote, aliutaka wavu huo leo.

"Wavu kwanza, mungu baadaye," bosi wake, Bwana Kelkar, alikuwa amesema, tena huku anatafuna modak, andazi la nazi la sikukuu, lililotoka kwao Mrudula.

Na mwaka huu ndiye Mrudula aliyetakiwa kumkalisha mungu nyumbani, yaani kuiweka sanamu yake kwenye kigoda cha ibada. Bibi alikuwa amegombana na ukoo mzima hadi wakakubali msichana afanye. Lakini saa njema ilikuwa inaisha saa saba na nusu mchana. Akichelewa, baba mdogo Vasant angechukua nafasi hiyo, na Vasant akishika kitu haachii. Tangu alfajiri alikuwa amevaa dhoti yake ya hariri, shuka ya kiunoni ya ibada, eti ipate hewa.

Haraka ikamponza. Mkato wa matofali haya hauishii katikati: ukikata pua, unapasua hadi kisigino. Dawa ni kuchagua matofali unayoyataka, kuyaficha mengine, ndipo ukate. Mrudula alisahau kuficha. Alikata shingo ya vali, na huko mwisho wa bomba vikazaliwa vipande vyembamba kama papadi, zile chapati kavu za kukaanga.

"Mama mhandisi!" Kelkar akacheka. "Ficha kwanza, kata baadaye. Hata mke wangu anajua, na yeye ni mwalimu wa muziki."

Mrudula akarudi nyuma, akaanza upya. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, Tanmay, yuko getini.

"Dada, shuka! Nimembeba mungu, mikono inakufa!"

"Si umweke chini kidogo?"

"Chini? Bibi atanizika hapo hapo nilipomweka!"

Tanmay akapanda na mungu wake ghorofani, jasho linamtiririka, sanamu imefunikwa kitambaa usoni. Kelkar akaruka kitini, akavua viatu. Sanamu ikawekwa juu ya meza, kando ya kompyuta. Bosi akaitazama. Akatazama saa. Mdomo wake bado ulikuwa na nazi ya modak.

"Pisha, nimalizie mimi," akasema kwa unyenyekevu. "Mkato mmoja tu umebaki."

Akaukata. Vali ikapasuka kutoka mlangoni hadi mkiani. Papadi kila mahali.

"Mzee, vipande hivyo vyembamba ndivyo mlivyokuwa mnavitafuta?" Tanmay akauliza.

"Rudisha nyuma, bosi," Mrudula akasema.

"Nimeshahifadhi. Nimefunga faili, nimefungua, hairudi tena. Mkono umejiendea wenyewe."

"Nakala yangu ya asubuhi ipo. Ila bosi, si unaficha kwanza, halafu..."

"Usimalizie!" Kelkar akainua kiganja. "Mbele ya huyu, tafadhali, usimalizie. Nendeni. Nakaa mimi."

Walifika nyumbani Vasant ameshakisogelea kigoda cha mungu, mkono mmoja tayari kwenye sinia ya maua.

"Baba mdogo, ahsante kwa kunishikia," Mrudula akasema, akaichukua sinia.

Akamkalisha mungu, akamfunua uso. Bibi akafuta macho kwa ncha ya sari. Nyimbo zikaanza, kengele ikalia, na katikati ya yote simu ikatetemeka kiunoni. Mikono ya Mrudula ilikuwa imejaa sinia ya taa. Akamtazama Vasant, mtu pekee pale asiye na kazi.

Ndivyo baba mdogo, ndani ya hariri yake yote, alivyopata jukumu: kumshikia binti wa kaka yake simu sikioni.

"Mrudula," sauti ya Kelkar ikanong'ona, "haya matofali mengine yanafichwaje?"